Mama anaumwa magoti, mume anataka gari: Malta tufikie wapi?

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, muuguzi hapa Leipzig, huu ni mwaka wangu wa saba. Mwishoni mwa Septemba mama yangu anakuja kututembelea kutoka Marangu. Ana miaka 69 na hajawahi kupanda ndege. Watoto wakifunga shule Oktoba tutakuwa na siku nane za likizo pamoja, na tiketi za kwenda Malta tumeshakata: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 5) na bibi yao.

Malta tuliichagua kwa sababu ya nauli ya ndege tu. Lakini nilipomtajia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Si ndiyo Melita, Paulo alikoumwa na nyoka?" Tangu siku hiyo haongei kitu kingine. Jumuiya nzima wameshajua.

Tatizo ni pa kufikia. Mume wangu ameona hoteli Mellieħa na anataka tukodi gari siku zote nane. Anasema tukiwa na mzee na watoto hatuwezi kugombania mabasi. Mimi nimeipenda nyumba ya kupanga Valletta, mji mkuu, ghorofa ya tatu, yenye kile kibaraza cha mbao cha rangi ya kijani, ili tuwe katikati ya kila kitu. Rafiki yangu aliyekwenda mwaka jana anasema vyote hivyo ni makosa, twende St Julian's. Wiki mbili sasa tunabishana nyumbani.

Mama ukimuuliza anajibu, "Popote mtakaponiweka ni sawa, mwanangu." Lakini mimi najua magoti yanamsumbua tangu alipoteleza kwenye mfereji shambani miaka mitatu iliyopita. Ana fimbo, na wageni wakija anaificha nyuma ya mlango. Mume wangu hawezi kumuuliza habari za miguu, ni mkwe wake.

Jambo la mwisho: viza yake ni ya kuingia mara moja, ya ubalozi wa Ujerumani. Tukitoka kwenda Malta ataruhusiwa kurudi huku?

Mama Neema, Leipzig

*

Marahaba, mdogo wangu. Na neno hilo utakutana nalo tena mkifika, maana Wamalta hukaribisha wageni kwa kusema "merħba". Lugha yao ni ndugu wa Kiarabu iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi, na mama atashangaa jinsi masikio yake yatakavyookota maneno: bahari ni "baħar", asali "għasel", kitabu "ktieb", dunia "dinja". Kiingereza nacho ni lugha rasmi, kwa hiyo hamtapotea.

Nianze na viza, iondoke kichwani ulale. Malta imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, tangu Desemba 2007. Kutoka Leipzig kwenda Malta si kutoka nje, na kurudi si kuingia upya. Mradi siku zake hazijaisha, viza ya kuingia mara moja inatosha, na bima ya safari aliyokatiwa kwa ajili ya viza hiyo inafanya kazi nchi zote za Schengen. Abebe pasipoti yenyewe, isiwe nakala, na wewe beba cheti cha bima kwenye mkoba wako wa mkononi. Mkiona tangazo la boti ya kwenda Sicily kwa siku moja, hiyo nayo ni Schengen.

Sasa nyumba. Niliishi Malta miaka mitatu kikazi, na mwaka wa pili shangazi yangu alikuja kunitembelea. Nilitaka aone kitu kizuri, nikampangishia Valletta, ghorofa ya tatu, nyumba yenye kibaraza cha mbao kama hicho ulichokiona. Siku ya kwanza tulizunguka mji mzima. Siku ya pili alitoka hadi kona. Siku ya tatu nilimkuta amevuta kiti kibarazani, kitenge kimefunika magoti, anatazama watu wanaopita chini. "Leo nitakaa tu, nyumba nzuri hii," aliniambia. Nikaamini. Jioni nilipomshika mkono aende kunawa nikahisi uzito wake wote umeniegemea, na goti la kulia limevimba kama andazi. Alikuwa ameshuka na kupanda ngazi zile mara tatu bila kusema neno. Alikuwa na siku tisa kisiwani. Sita kati ya hizo alizimalizia kwenye kile kiti.

Ndiyo maana nakuambia, nyumba yenu ichaguliwe na magoti ya mama. Basi, gari na mengine yote yatafuata hapo. Na usimsubiri aseme, kwa sababu hatasema. Umri ule na heshima ile, atakwambia yuko sawa mpaka siku utakapomkuta ameketi ukingo wa kitanda hawezi kuinuka. Wewe ni muuguzi; wagonjwa wa namna hii unawajua wodini, ila huyu ni mama yako, na kwa mama macho hupata ukungu.

Valletta ilijengwa juu ya mgongo wa kilima. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawa-askari wa Kikatoliki waliokitawala kisiwa, waliweka jiwe la msingi mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya kuzingirwa na Waturuki, na walipapenda pale kwa sababu ni vigumu kupapanda. Barabara kuu, Republic Street, inapita juu ya mgongo huo. Ukikata kushoto au kulia unateremka, na mitaa mingi ya pembeni si mitaa bali ni ngazi tupu, za mawe, zilizosuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi zinateleza. Nyumba nzuri za bei mnayoiweza zimo humo. Kisha juu ya ngazi za nje weka ngazi za ndani, ghorofa tatu, na majengo mengi ya zamani hayana lifti. Hapana, mdogo wangu. Valletta ni ya kwenda kutembea na kurudi.

St Julian's sitakaa nayo sana. Rafiki yako hakukosea kwa upande wake, lakini ndani ya St Julian's kuna Paceville, mtaa wa madisko yanayopiga hadi alfajiri, na pembeni majengo mapya yanayochimbwa tangu asubuhi. Mtoto wa miaka 5 na bibi anayeamka kusali saa kumi na moja hawana lao pale.

Mellieħa ya mume wako ina sifa zake, nami sitaki umwambie amekosea kabisa. Chini yake kuna Għadira, ufuko mkubwa wa mchanga kuliko wote Malta, na maji yake ni ya kina kifupi hadi mbali. Watoto wako wataingia hatua hamsini bado yako kiunoni mwa mkubwa. Shida ni kwamba kijiji chenyewe kiko juu ya kilima na bahari iko chini, na kati yake ni mlima. Mwulize hoteli yake iko juu au chini. Kama iko juu, mama atakuwa mfungwa wa gari: asipoendeshwa, hatoki. Hawezi hata kujinunulia mkate mwenyewe asubuhi, na mtu mzima aliyezoea kutoka nyumbani kwake kwenda gengeni anaumia kwa hilo kuliko goti.

Mahali ningewaweka mimi ni Qawra, pwani ya kaskazini. Si mji wa kupigia picha. Ni majengo ya ghorofa yaliyojipanga, hoteli za wastani na maduka ya mwavuli na malapa. Lakini ni tambarare. Barabara ya ufukweni imetandazwa kandokando ya bahari, kutoka Qawra hadi mji jirani wa Buġibba, pana, yenye mabenchi kila baada ya hatua kadhaa. Mama ataweza kutoka peke yake na fimbo yake, akae, aendelee, akae. Kituo kikuu cha mabasi kipo Buġibba, duka la mboga lipo chini ya nyumba, na watoto wana jumba la samaki pale pale siku ikinyesha mvua, maana Oktoba manyunyu huanza. Bahari bado ina joto. Mchanga hakuna wa maana, ni miamba yenye ngazi za chuma za kushukia majini; siku ya mchanga pandeni basi mwende Għadira, linawashusha kando ya ufuko wenyewe. Tafuta nyumba upande wa Qawra, siyo karibu na uwanja wa Buġibba ambako baa hukesha.

Kabla hujalipa, mwandikie mwenye nyumba akutumie picha mbili ambazo hazipo kwenye tangazo: mlango wa jengo ukiutazama kutoka barabarani, na bafu. "Kuna lifti" ni neno pana. Nimeona lifti inayoanzia juu ya ngazi nane za mlangoni. Nimeona pia bafu ambalo lazima uvuke ukuta wa beseni unaofika gotini ndipo uoge. Uliza, "Kutoka lami hadi kitandani kuna ngazi ngapi?" Asiyejibu kwa tarakimu, mwache.

Kuhusu usafiri, kwanza mjue ukubwa wa mnachokizungumzia. Kisiwa kikuu cha Malta kina urefu wa kilomita 27 hivi. Nchi nzima, visiwa vyote pamoja, ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ni kama mara tano yake. Lakini zaidi ya watu nusu milioni wanaishi humo na karibu kila nyumba ina gari, kwa hiyo kilomita 15 zinaweza kukula saa nzima. Gari la siku nane litawapa siku nane za foleni na za kutafuta maegesho. Maegesho ya mistari meupe ni ya wote, ya kijani ni ya wakazi, na meupe mchana huwa yamejaa.

Basi zinafika karibu kila mahali. Ukilipa kwa dereva, nauli ya msimu wa joto ni euro 2 na senti 50, na tiketi inadumu saa mbili hata ukibadilisha basi. Kuna kadi ya siku saba ya euro 25 kwa mtu mzima. Piga hesabu: lazima upande mara kumi ndipo irudishe pesa. Wewe na mume mtafika huko, mama hatafika, kwa hiyo yeye mlipie safari kwa safari. Wenye makazi Malta hupanda bure tangu Oktoba 2022, na hilo ni jema kwao, ila basi limekuwa likijaa. Usimame kituoni ukipunga mkono kama unavyosimamisha daladala, vinginevyo dereva anapita. Na likiwa limejaa atapita hata ukipunga. Hapo mume wako ana hoja. Dawa yake ni kupandia mwanzo wa safari: Buġibba asubuhi, na kurudi kutoka kituo kikuu cha Valletta, nje ya lango la mji, ambako basi linaanza tupu na mama anapata kiti. Hii nayo ni sababu ya mimi kuwapeleka karibu na kituo kikuu. Siku ya kuwasili na ya kuondoka msihangaike na mabegi kwenye basi. Bolt, teksi ya kuita kwa simu, ipo, ileile mnayoijua Dar es Salaam, itawafikisha mlangoni.

Gari kodini siku mbili tu, katikati ya likizo, na mwachie baba watoto azimiliki siku hizo. Kama alijifunzia udereva Tanzania, atafurahi: Malta wanaendesha kushoto, kama kwetu, kwa sababu ileile ya kutawaliwa na Waingereza, hadi Septemba 1964. Vipilefti ni vingi, barabara nyembamba. (Na soketi za umeme ni zile za matundu matatu. Chaja ya mama ya kutoka Marangu itaingia, za kwenu za Ujerumani hazitaingia.) Kitu kimoja akihakikishe mapema: kampuni nyingi zinadai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, ili kuzuia dhamana. Kadi ya kawaida ya benki inakataliwa. Mwenzangu mmoja alifika kaunta bila hiyo, akalazimishwa kununua bima ya pale pale iliyokaribia bei ya gari lenyewe. Viti vya watoto vilevile viagizwe kabla.

Siku moja ya gari iwe ya Gozo, kisiwa cha pili cha Malta. Mnaendesha hadi Ċirkewwa, mnaingiza gari kwenye pantoni, dakika 25 mko Mġarr. Wakati wa kwenda hakuna atakayewauliza tiketi, msishtuke: hulipwa mkiwa mnarudi, upande wa Gozo. Nilipokuwa huko abiria wa miguu alilipa euro 4 na senti 65 kwenda na kurudi. Watoto waonyesheni hekalu za Ġgantija, za mawe makubwa kupita kimo cha mtu, zilizojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi za Misri. Lile dirisha la mwamba juu ya bahari ambalo bado lipo kwenye kadi za posta msilifuate, lilianguka Machi 2017.

Lakini Gozo mpeleke mama Ta' Pinu. Ni kanisa kubwa limesimama peke yake shambani, karibu na kijiji cha Għarb, na gari linafika karibu. Mwaka 1883 mwanamke wa kijijini alisikia sauti ikimwita katika kikanisa kidogo kilichokuwapo hapo, na watu wameendelea kuja tangu wakati huo. Nyuma ya altare kuna vyumba ambavyo kuta zake zimejaa vitu vilivyoletwa na walioombewa: nguo za watoto wachanga, helmeti za pikipiki, barua, picha za vipimo, na mikongojo, mingi, imetundikwa. Shangazi yangu alisimama mbele ya ile mikongojo muda mrefu. Ilikuwa siku ya mwisho ya safari yake, nilikuwa nimekodi gari hatimaye. Akatoka nje, akaniomba nimkatie fimbo, na tangu siku ile hadi leo hatembei bila fimbo wala haoni haya. Siwezi kukuahidi hivyo kwa mama yako. Nakusimulia tu nilichokiona.

Valletta mwende kwa basi, asubuhi. Kutoka kituoni hadi langoni ni sakafu tambarare, na kanisa la Mtakatifu Yohane lipo kwenye barabara kuu. Humo ndimo imo picha ya mchoraji Caravaggio ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ya mwaka 1608. Kanisa la Kuvunjika kwa Merikebu ya Paulo lipo mtaa wa chini kidogo, mteremko mfupi lakini mkali. Hapo mshike mkono bila kumuuliza kama anahitaji. Saa sita mchana muwe bustani ya Upper Barrakka, mizinga inapigwa kuelekea bandarini na watoto hawataisahau, kisha kuna lifti ya mita 58 inayoshuka hadi kwenye boti za kuvuka bandari. Mdina, mji wa kale wenye kuta, nayo ni rahisi: basi linasimama nje ya lango, ndani magari ya wageni hayaruhusiwi, ni kimya. Pango la Paulo lipo Rabat, jirani, ila kulifikia ni kushuka ngazi. Mama abaki kanisani juu kama hawezi, na mjukuu mkubwa ashuke kumpigia picha.

Ile Blue Lagoon ya kisiwa kidogo cha Comino waachieni wengine safari hii. Ni miamba mitupu, kivuli shida, na watu wamebanana.

Halafu, mkishafika Qawra, jioni ya kwanza kabisa, kabla hamjapanga safari yoyote, tembeeni taratibu upande wa Buġibba mkae kwenye benchi linalotazama ng'ambo ya ghuba. Ghuba hiyo inaitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo. Mbele yenu, upande wa pili wa maji, kuna visiwa viwili vidogo visivyo na nyumba, na juu ya kimoja kuna sanamu nyeupe ya Paulo iliyosimamishwa miaka ya 1840. Hapo ndipo Wamalta wanapoamini merikebu ilipasuka. Watu wote 276 waliokuwamo, kama mama yako atakavyowakumbusha, walifika pwani salama, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Chukua darubini ya watoto. Kwa macho sanamu ni doa tu, na mama atataka kuiona vizuri ndipo awapigie simu jumuiya.